SDR ya bei ya mbuzi na ya bei ya ng'ombe: sauti niliyoinasa Itiryo nusura iwaue wakwe zetu

Wakuu, heshima kwenu, wakongwe na mliojiunga jana.

Kuna jamaa humu aliuliza kama kuna haja ya kununua SDR ya bei kubwa wakati ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB inashika kila kitu.

Nilianza kumjibu kwenye uzi wake. Jibu likawa refu, nikaona bora nifungue uzi wangu mwenyewe.

Nilichoandika hapa nilikisikia kwa masikio yangu na kukiona kwa macho yangu. Nimebadilisha majina ya watu tu. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Kwa wasiojua: SDR ni redio ambayo kazi kubwa ya kuchambua mawimbi inafanywa na software. Unachomeka kifaa kwenye simu au laptop, screen inakuonyesha mawimbi yote ya eneo lile kama mistari inayoshuka, unagusa mstari unaotaka na unasikiliza.

Mimi ni fundi wa dishi na antena za TV hapa Tarime mjini. Redio ni ugonjwa wangu tu. Nasikiliza marubani, stesheni za mbali, masafa mafupi usingizi ukigoma.

Na kabla mtu hajanirukia kuhusu sheria, mimi si mtu wa kufuatilia mazungumzo ya watu binafsi. Siku hiyo nilisikiliza. Mtaona kwa nini.

Nilikuwa na vifaa viwili.

Cha kwanza ni changu. Kinafanana na flash, kinachomekwa kwenye simu kwa waya. Bei yake ni ya mbuzi, tena mbuzi wa kawaida. Nitakiita Kadogo.

Cha pili kilikuwa cha rafiki yangu wa Musoma, aliniazima ili nikijaribu kabla sijaamua kununua cha kwangu. Kina screen yake, betri yake, na ndani kina filter za kutenganisha masafa. Bei yake ni ng'ombe wawili, na mmoja wao awe dume lililonona. Nitakiita Mkubwa.

Brand sitaji. Sitaki mods waseme nimelipwa.

Jaribio la kwanza nilifanyia Mugumu, wilaya ya Serengeti, nilipokwenda kufunga madishi kwenye nyumba ya wageni. Nikimaliza kazi napanda juu ya paa na vifaa vyangu, nasikiliza ndege ndogo zinazopeleka watalii hifadhini.

Kadogo alimsikia rubani. Mkubwa alimsikia rubani yule yule.

Tofauti ilikuwa kama ya shati lililopigwa pasi na lisilopigwa. Yote ni mashati.

Nikasema moyoni, watu wanatupa hela. Nikaanza hata kuandaa uzi wa kumsifia Kadogo. Namshukuru Mungu sikuuweka.

Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba pale nilipokuwa Mugumu hakukuwa na mnara wa FM wenye nguvu karibu. Kadogo hakuwa na mtu wa kumpigia kelele masikioni.

Sasa tuje Itiryo.

Itiryo ndiko nyumbani kwetu. Siku hiyo tulikuwa tunasubiri ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu wa kike, Robi. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo anayesimama badala yake ni baba mdogo, Marwa.

Mchumba wa Robi anatoka ukoo mwingine, ng'ambo ya mto. Wenyeji wa Tarime mnajua uzito wa sentensi hiyo. Koo hizi mbili zimeibiana ng'ombe na kuzikana tangu sijazaliwa. Sasa hivi kuna utulivu, lakini ni utulivu wa watu wanaolala wamevaa viatu.

Mkwe wetu, Mzee Mwita, alikuwa anakuja na vijana wake wakiswaga ng'ombe kwa miguu. Walitakiwa wafike kabla jua halijazama.

Kitu kingine cha kuelewa ni yowe.

Kwetu yowe likipigwa, kila mwanaume mwenye nguvu anatoka na alichonacho mkononi na kukimbilia lilikotoka. Maswali ni baadaye. Ukibaki nyumbani, wazee watakuita kikaoni ujieleze. Na likishapokelewa na kilima cha pili, halafu cha tatu, hakuna mwanadamu wa kulirudisha.

Alasiri ikielekea jioni, wakati akina mama wanapika, nilipanda kwenye mawe nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Pale upande mmoja unaona bonde la mto, upande mwingine unaona vilima vya Kenya. Nikasema leo ndiyo leo, nalinganisha vifaa kwenye mwinuko.

Hapa ndipo mazoea ya kazi yalipoingia.

Sisi mafundi wa antena tuna dawa moja: picha ikikwama, weka booster ya kukuza mawimbi. Nikafunga booster ndogo kati ya antena na Kadogo, nikaipa umeme wa power bank, kisha nikapandisha gain, yaani nguvu ya kupokea, hadi mwisho.

Screen ikajaa mistari. Kila mahali mistari! Nikafurahi kama mvuvi ambaye wavu umekuwa mzito.

Mkubwa, bila booster, alionyesha mistari michache tu. Nikamwonea huruma rafiki yangu wa Musoma.

Nikaanza kupita kwenye masafa ambayo walkie-talkie huwa zinaongea. Kuna mstari mmoja ulikuwa mnene. Nikaugusa.

Sauti ya mwanaume. Inakatika-katika, ina mikwaruzo. Kikurya.

Naitafsiri kama nilivyoisikia:

"Wakifika mtoni, waacheni waingie kwanza kwenye maji."

Sauti nyingine ikauliza, "Na mzee?"

"Mzee ndiye wa kwanza. Wale ng'ombe hawafiki kule."

Wakuu, niliinua macho kutoka kwenye screen.

Mto ni ule pale, nauona. Ng'ombe ni wetu. Mzee tunayemsubiri ni mmoja tu.

Nikampigia mchumba wa Robi. Hapatikani. Baba yake, hapatikani. Ile njia yao inapita bondeni na kule mtandao haupo.

Nikamweka Mkubwa kwenye frequency ile ile. Kimya. Nikachomoa antena ya Kadogo nikampa Mkubwa. Kimya. Nikairudisha kwa Kadogo na booster yake, sauti ikarudi, inacheka safari hii, kicheko cha kukatwa-katwa.

Vifaa viwili, kilima kimoja. Kimoja kinasema kuna watu wanataka kuua. Kingine kinasema hakuna kitu.

Ungemwamini nani? Mimi nilimwamini aliyesema. Mtu mwenye hofu humwamini anayesema.

Nikamwita baba mdogo. Alipanda anahema, akachuchumaa, akasikiliza huku anatazama mto. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Hii sauti iko karibu," akasema. "Na hiyo nyingine inasemaje?"

"Hiyo haisikii kitu, baba."

"Ya bei gani?"

"Ng'ombe wawili."

"Ng'ombe wawili na ni kiziwi! Mura, hao ng'ombe ungenipa mimi. Mimi nasikia vizuri."

Alitania, lakini hakucheka. Alisimama, akakunja mikono ya shati. Nikajua anataka kupiga yowe.

Aliyemzuia ni mama mdogo, Ghati, ambaye alikuwa amepanda nyuma yake na mwiko bado mkononi.

"Marwa, fikiri. Ukipiga yowe, kilima kizima kinashuka na mapanga. Watakutana na nani huko chini? Si watakutana na watu wa ng'ambo wanaswaga ng'ombe? Nani atasimama kuuliza kama ni mahari?"

Baba mdogo akashusha mikono ya shati.

Kisha akafanya alichoona ni busara. Akamwita jirani yetu Chacha, mtu mtulivu, mlengaji mzuri wa upinde. Akamwambia kwa sauti ya chini: kuna watu watawavizia wakwe kwenye kivuko, nenda ukae pale, wakitokea uwawahi. Chacha hakuuliza hata swali moja. Akaenda.

Kisha akanigeukia mimi, akanyoosha kidole kwenye kilima cha magharibi.

"Hangaika na mashine zako. Jua likigusa pale juu, napiga yowe. Sitakaa hapa na mwiko nikisubiri maiti ya mkwe wangu."

Mama mdogo akauficha mwiko kwenye kanga. Nakumbuka hilo kuliko mengi.

Nikabaki na redio zangu.

Nikajiambia, wewe ni fundi, fanya ufundi. Anza na kitu kimoja. Nikashusha gain ya Kadogo hatua chache tu.

Sauti ikapotea. Haikupungua. Ilipotea yote, kama mtu amefunikwa mdomo.

Hapo nikashtuka. Signal ya kweli ukiipunguzia gain kidogo inafifia kidogo. Hii ilikuwa nene kama mkono, na sasa haipo hata unywele.

Nikachomoa booster. Haipo. Nikarudisha booster na gain yote. Ikarudi, na ile mistari mingine yote ikarudi nayo.

Mafundi wenzangu wa TV za zamani mtakumbuka: ukilundika booster karibu na mnara, stesheni inatokea hata kwenye namba ambayo haipo. Kifaa kimeelemewa, kinaanza kumwaga sauti ya mtu mmoja kwenye vyumba vya wengine. Tulikuwa tunaita mzimu.

Nikamchukua Mkubwa, nikampeleka kwenye masafa ya kawaida ya FM, yale ya redio ya jikoni. Nikaanza kupita stesheni za ng'ambo ya mpaka moja baada ya nyingine. Muziki. Mahubiri. Tangazo la mbegu za mahindi. Muziki.

Kikurya.

Nikaweka earphone ya Kadogo sikio la kushoto na ya Mkubwa la kulia.

"Panda mti ule, utawaona wakishuka," kushoto ikasema kwa mikwaruzo.

"Panda mti ule, utawaona wakishuka," kulia ikasema, safi, kwa wakati ule ule.

Na kulia kulikuwa na vitu ambavyo kushoto havikuwepo. Kengele za ng'ombe. Maji yanachuruzika. Halafu wimbo mfupi, na mwanamke anawashukuru wasikilizaji, anawaambia wasikose sehemu inayofuata.

Ulikuwa mchezo wa redio, wakuu. Watu wamekaa studio, wanamwaga maji kwenye karai.

Kadogo aliuchukua kwenye mnara wa FM, akautupa kwenye masafa ya walkie-talkie. Na kwa kuwa kule nilikuwa nasikiliza kwa njia nyembamba ya walkie-talkie, ilikata kengele na maji, ikabakiza sauti za wauaji.

Ungekuwa muziki ningetambua mara moja. Ulikuwa mazungumzo, kwa Kikurya, kuhusu ng'ombe, mto na mzee, siku ambayo sisi tunasubiri ng'ombe, mto na mzee. Ungekuwa mtu wa mahali pengine ungesikia kelele tu ukapita.

Nikateremka kumweleza baba mdogo. Jua lilikuwa limebakiza kidogo.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, baba. Wanaigiza."

"Watu wazima wanaigiza jambo hilo?" Akakaa kwenye jiwe. Kisha akainuka kama ameungua. "Chacha!"

Chacha alikuwa mtoni na mishale. Simu yake ilikuwa imewekwa chaji ndani kwetu.

"Kimbia," baba mdogo akaniambia. "Na usifungue mdomo. Ukikimbia kushuka huku unapiga kelele, hilo ndilo yowe lenyewe."

Nimeogopa mara kadhaa maishani. Nimewahi kuning'inia kwenye paa la ghorofa kwa waya wa dishi. Lakini sijawahi kuogopa kama kukimbia kimya.

Kila nilipotaka kuita jina la Chacha nilijiuma mdomo.

Njiani nikakutana na mama mmoja anapalilia. Akainua kichwa. Nikalazimika kupunguza mwendo, nitabasamu, nisalimie. Mbele kidogo kuna mzee anachunga mbuzi, na mzee hapitwi hivi hivi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unahema, kuna nini huko?"

"Nawahi wageni wetu, mzee."

"Ooh, ng'ombe za Robi! Ni wangapi?"

"Hawajafika bado."

"Mwambie Marwa nakuja kuwaona. Nyama nisikose."

Nikamwambia atapata. Nilikuwa natembea kama mtu mwenye adabu. Nilipopita kona, nikakimbia tena.

Kivuko kiko chini ya mteremko wenye vichaka. Chacha nilimwona kwanza mgongo. Amepiga goti nyuma ya jiwe, mshale uko kwenye uzi, uzi umevutwa.

Ng'ambo ya maji kulikuwa na vijana wawili. Hawana ng'ombe. Mmoja ana panga, mwingine ana fimbo ndefu anaichomeka kwenye maji, anaitoa, anaichomeka mbele kidogo.

Sikuweza kumgusa, angeachia. Sikuweza kupiga kelele, angeachia. Nikasimama na kuongea kama mtu aliyekuja kuazima kiberiti.

"Chacha. Hao ni wakwe."

Hakugeuka. "Hao ndio wenyewe. Mmesema watawavizia hapa. Tazama, wanatafuta pa kujificha."

Yalikuwa maneno yetu wenyewe yananirudia. Ile habari ilianzia kwenye kifaa changu, na sasa ilikuwa kwenye ncha ya mshale.

"Wanapima maji. Wametangulia kuangalia kina, ng'ombe wako nyuma. Ile sauti ilikuwa mchezo wa redio, ndugu yangu. Shusha."

"Mchezo?"

"Wa redio. Shusha, tafadhali."

Kijana mwenye fimbo akainua kichwa, akageukia kilima cha nyuma yake na kupaza sauti: "Leteni! Maji ni ya magoti tu!"

Na ng'ombe wakatokea. Wa kwanza alikuwa mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Nyuma kabisa Mzee Mwita, koti kubwa na kofia, anatembea polepole kwa sababu ya goti linalomsumbua.

Uzi wa upinde ulirudi mbele taratibu. Niliusikia ukilegea.

Walipovuka nikamwamkia mzee.

"Marahaba," akasema, akanitazama vizuri. "Mbona unatoa machozi, kijana? Ng'ombe ni wachache?"

Wote wakacheka. Chacha alicheka kuliko wote na kwa muda mrefu kuliko wote, ameweka mikono nyuma, anaficha mshale.

Tulifika nyumbani na jua likiwa limeshagusa kilima. Baba mdogo alikuwa amesimama uani, mdomo amefumba, anatutazama tukipanda. Alihesabu watu kabla ya kuhesabu ng'ombe.

Hadi leo wakwe hawajui.

Sasa nimjibu jamaa aliyeuliza.

Kwenye eneo tulivu, mbali na minara, Kadogo na Mkubwa wanakaribiana sana. Nunua Kadogo, hela inayobaki ule na watoto.

Kwenye mwinuko unaotazamana na minara ya FM, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kule bei kubwa hailipii kusikia zaidi, inalipia kutosikia kisichokuwepo. Zile filter za ndani ndizo ng'ombe wawili.

Kama hela hakuna, Kadogo bado ni mzuri, ila mwongezee filter ndogo ya kuzuia FM, haina gharama kubwa. Booster usiweke kwa mazoea kama mimi. Na screen ikijaa mistari kila mahali usifurahi, hapo anaumwa.

Kabla hujaamini chochote, shusha gain kidogo. Ikififia, endelea kusikiliza. Ikitoweka ghafla, ni mzimu. Na kabla hujamwambia mtu ulichosikia, itafute kwenye FM ya kawaida kwanza. Mimi nilimwambia mtu kwanza.

Mkubwa nilimrudisha Musoma. Kadogo bado ninaye, nimempa filter, kule kwenye mawe sijampandisha tena.

Mwezi uliopita nilikwenda ng'ambo kumsalimia Robi. Anaendelea vizuri. Jioni Mzee Mwita akaleta redio yake ya betri, akaiweka kwenye kigoda katikati yetu, akasema tunyamaze, mchezo wake unaanza.

Ulipigwa ule wimbo mfupi. Zikasikika kengele za ng'ombe.

"Hawa watu wanajua kuigiza," akaniambia. "Ile sehemu ya mtoni uliisikia?"

Nikamjibu niliisikia. Nikatoka nje kutafuta maji ya kunywa, na Robi akanifuata kuuliza kama naumwa.

Haya wakuu, wenye ujuzi wa filter na antena nisahihisheni nilipokosea. Na kama kuna mwingine humu kifaa chake kiliwahi kumdanganya, naomba aandike hapa chini ilikuwaje, na alimwambia nani kwanza.